Fungu la Maskini: Vasilopita ya Wagiriki na Mipaka ya Resipe

Utangulizi

Mwanafunzi aliyesoma Kiswahili katika shule ya upili nchini Kenya anaikumbuka resipe. Ilifundishwa pamoja na barua, ratiba, ilani na kumbukumbu za mkutano kama mojawapo ya tungo za kiuamilifu. Tulielezwa kwamba resipe huwa na kichwa kinachotaja chakula, idadi ya walaji, orodha ya viambato na vipimo vyake, kisha hatua za upishi kwa mfuatano. Vitenzi huwa katika hali ya kuamuru: osha, menya, kaanga, pakua. Hatua ya mwisho ikishaandikwa, chakula huandaliwa mezani na utungo humalizika hapo.

Makala haya yanakusudia kuupima muundo huo wa resipe kwa chakula kimoja ambacho hakimaliziki kinapofika mezani. Chakula chenyewe ni vasilopita, keki ambayo Wagiriki huoka kwa ajili ya Mwaka Mpya na kuficha sarafu ndani yake. Hoja yetu ni kwamba mtu akiandika resipe ya vasilopita kwa kufuata kanuni tulizozizoea, msomaji ataweza kuoka keki nzuri, lakini hatakuwa na vasilopita. Kinachoipa keki hiyo jina lake ni jinsi inavyogawanywa, na mgao huo hufanywa kwa maneno. Kwa sababu hiyo, suala hili linamhusu mwanafunzi wa lugha kama linavyomhusu mpishi.

Tutaanza kwa jina na asili ya keki, tufuatishe upishi wake kwa ukamilifu ili msomaji anayetaka kuoka aweze kuoka, kisha tuuchunguze mgao na lugha yake. Mwishoni tutapendekeza namna ya kuirekebisha resipe ya Kiswahili.

Jina na Asili

Neno vasilopita limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki. La kwanza ni jina la mtu, Vasilis au Vasilios, ambalo kwa Kiswahili huandikwa Basili. Jina hilo linatokana na neno lenye maana ya mfalme. La pili ni pita, ambalo Wagiriki hulitumia kwa jamii pana ya vyakula vya unga vinavyookwa, viwe vya chumvi au vya sukari, vyenye jibini, nyama au mboga ndani, au visivyo na kitu.

Hapa mtafsiri anakutana na swali la kwanza. Je, pita ni keki, mkate au kitu kingine? Wengi wangekimbilia neno keki, ambalo tulilitohoa kutoka Kiingereza. Hata hivyo, Kiswahili cha pwani kina neno lenye upana unaokaribiana na ule wa pita, nalo ni mkate. Mswahili husema mkate wa mayai, mkate wa sinia na mkate wa kumimina, na vyote hivyo huliwa kwa utamu wake pamoja na chai au kahawa. Si mikate ya kukatwa na kupakwa siagi. Kwa hiyo, anayetaka kulifasiri jina anaweza kusema mkate wa Basili bila kuipotosha maana. Katika makala haya tutalihifadhi jina vasilopita, na tutatumia neno keki kwa aina ya kisasa inayoelezwa hapa.

Basili anayetajwa ni Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, mji ambao leo ni Kayseri nchini Uturuki. Alizaliwa yapata mwaka 330 na akawa askofu mwaka 370. Njaa kali ilipoikumba Kapadokia mwishoni mwa miaka ya 360, Basili aliwakemea hadharani matajiri walioficha nafaka ghalani wakisubiri bei ipande, na akasimamia ugawaji wa chakula kwa wenye njaa. Baadaye alijenga nje ya mji makao makubwa ya kuwatunza wagonjwa, maskini na wasafiri, yaliyokuja kuitwa Basileias kwa jina lake. Kwa mujibu wa mapokeo ya Kanisa alifariki tarehe 1 Januari 379, na siku hiyo ndiyo sikukuu yake. Ndiyo maana watoto wa Kigiriki, kwa desturi, hupokea zawadi zao kutoka kwa Mtakatifu Basili siku ya Mwaka Mpya, badala ya kuzipokea Krismasi.

Kuhusu chanzo cha keki, kuna ngano inayosimuliwa kwa namna mbalimbali. Inasemekana mtawala mmoja aliudai mji wa Kaisaria kodi nzito, na wananchi wakachanga pete, bangili na sarafu zao ili kuuokoa mji. Kwa sababu moja au nyingine, mtawala yule hakuichukua mali hiyo. Basili akabaki na rundo la vito asijue kipi ni cha nani. Akaamuru mikate iokwe, vito vikatiwa ndani, na kila nyumba ikapewa mkate. Kwa muujiza, kila mtu alipoumega mkate wake alikuta kilichokuwa chake. Hii ni ngano, na mwanafunzi wa fasihi simulizi hataichanganya na historia. Wapo pia wataalamu wanaoihusisha desturi ya kuficha kitu ndani ya keki na sikukuu za kale za Warumi na Wagiriki zilizokuwako kabla ya Ukristo. Vyovyote iwavyo, kiini cha ngano ni kwamba mkate ulitumiwa kumrudishia kila mtu haki yake. Tutalirejelea jambo hili.

Viambato

Vasilopita si ya aina moja. Katika sehemu za kaskazini mwa Ugiriki huokwa pita ya chumvi yenye jibini au nyama. Wagiriki wenye asili ya Konstantinopoli na Smyrna huoka mkate mtamu unaoumuliwa kwa hamira na kutiwa viungo viwili: mahlepi, yaani kokwa zilizosagwa za aina ya cheri mwitu, na mastiha, utomvu wenye harufu nzuri unaogemwa kutoka kwa miti ya kusini mwa kisiwa cha Chios. Ujuzi wa kuilima mastiha uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Aina iliyoenea zaidi mijini leo ni keki ya siagi na machungwa, nayo ndiyo tutakayoifuata kwa kuwa viambato vyake hupatikana kwa urahisi.

Unga wa ngano, gramu 500
Bekingi poda, vijiko vidogo 4
Chumvi, nusu kijiko kidogo
Siagi isiyo na chumvi, gramu 250
Sukari, gramu 350
Mayai 5
Mtindi mzito, gramu 200
Machungwa 2
Vanila, kijiko kidogo 1
Sukari ya unga, gramu 50
Lozi zilizomenywa, kiasi cha kuandikia mwaka
Sarafu 1

Tanbihi ya kimsamiati inahitajika hapa. Bekingi poda si hamira. Hamira ni viumbe hai vinavyohitaji muda kuumua kinyunga, ilhali bekingi poda ni mchanganyiko wa kikemikali unaotoa gesi mara tu unapopata unyevu na joto. Mtafsiri akiandika "hamira" katika resipe hii, mpishi atapata keki nzito kama tofali, na kosa litakuwa la mtafsiri.

Msomaji atagundua pia kwamba hatujaandika idadi ya walaji. Tumeiacha kwa makusudi.

Hatua za Upishi

1. Toa siagi, mayai na mtindi kwenye jokofu saa moja kabla ya kuanza, ili vifikie joto la chumba. Washa oveni ifikie nyuzi 170 za Selsiasi. Paka siagi chombo cha kuokea cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 28, kisha kinyunyizie unga.

2. Chekecha unga pamoja na bekingi poda na chumvi, uweke kando.

3. Paruza maganda ya machungwa. Chukua rangi ya juu tu, kwa maana mafuta yenye harufu yamo humo. Utando mweupe wa chini ni mchungu. Kamua machungwa upate mililita 80 za maji yake.

4. Piga siagi na sukari kwa dakika 8 hivi hadi ziwe nyeupe na nyepesi. Usiiharakishe hatua hii. Chembe za sukari hufungia hewa ndani ya siagi, na hewa hiyo ndiyo itakayotanuka ndani ya oveni na kuinua keki.

5. Tia mayai, moja baada ya jingine, ukipiga vizuri kila mara. Yakitiwa yote kwa pamoja, mafuta na maji hutengana. Ongeza vanila na maganda ya machungwa.

6. Tia unga kwa awamu tatu, ukipokezana na mtindi na maji ya machungwa. Koroga kwa mwiko polepole na uache mara tu unga unapopotea machoni. Ukizidi kukoroga, keki itakuwa ngumu.

7. Mimina rojo katika chombo, lisawazishe, na uoke kwa dakika 55 hadi 65. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, keki imeiva.

8. Acha keki ipoe kwa dakika 20 kabla ya kuitoa, kisha iache ipoe kabisa.

9. Chemsha sarafu, ikaushe na uifunge kwa karatasi ya foili. Geuza keki, pasua kidogo upande wa chini kwa ncha ya kisu na uichomeke hapo. Wapishi wengine huitia sarafu katika rojo kabla ya kuoka, lakini sarafu nzito huweza kuzama hadi chini na kuonekana. Aidha, waonye walaji, hasa watoto, watafune kwa uangalifu.

10. Geuza keki tena, inyunyizie sukari ya unga, na uandike mwaka mpya juu yake kwa lozi.

Kwa mintarafu ya sarafu, zamani waliojiweza walitumia sarafu ya dhahabu, na hadi leo sarafu hiyo huitwa flouri, jina lililotokana na sarafu ya dhahabu ya zama za kati. Wengine walitumia drakma ya kawaida. Sarafu na noti za yuro zilianza kutumika nchini Ugiriki tarehe 1 Januari 2002, yaani siku yenyewe ya vasilopita.

Kwa kanuni za resipe, kazi imekwisha. Keki ipo mezani na utungo umetimiza masharti yake yote, isipokuwa ile idadi ya walaji.

Mgao

Tuchukue mfano wa familia yenye nyanya, baba, mama na watoto watatu, na kifungua mimba ni baharia aliye safarini. Walaji waliopo mezani ni watano. Hata hivyo, keki itakatwa vipande 11.

Mwaka mpya unapoingia, au wakati wa mlo wa siku ya kwanza, mkuu wa nyumba huchukua kisu na kuchora ishara ya msalaba juu ya keki. Kisha hukata na kutaja. Kipande cha kwanza ni cha Kristo. Cha pili ni cha Bikira Maria, cha tatu ni cha Mtakatifu Basili, cha nne ni cha nyumba na cha tano ni cha maskini. Nyumba nyingine hutofautiana katika mpangilio, na baadhi hutaja mgeni mahali pa maskini, lakini utaratibu wa jumla ni huo. Baada ya hapo hutajwa watu wa familia kuanzia mkubwa hadi mdogo, na kila mmoja hupata chake. Aliye mbali pia hukatiwa. Katika taifa ambalo kwa vizazi vingi limepeleka vijana wake baharini na ughaibuni, hakuna anayeshangaa kuona kipande mbele ya kiti kitupu.

Anayeikuta sarafu katika kipande chake huhesabiwa kuwa na bahati mwaka mzima. Ikiwa imo katika kipande cha nyumba, bahati ni ya wote. Ikiwa imo katika kile cha Kristo au cha Bikira Maria, wengi huipeleka kanisani. Ikiwa imo katika kipande cha maskini, haimo mikononi mwa yeyote aliyeketi mezani: sarafu, au fedha badala yake, humwendea mhitaji. Kwa hivyo, kila anayeketi mezani anajua tangu mwanzo kwamba bahati ya mwaka inaweza kumwangukia mtu asiyemfahamu, na anakubali kisu kipite.

Desturi hii haibaki nyumbani pekee. Katika mwezi wa Januari, na hata Februari, ofisi, shule, parokia na vilabu vya michezo nchini Ugiriki hukata vasilopita zao.

Msomaji wa Afrika Mashariki hataona ugeni mkubwa hapa. Nyama ya Idi ya kuchinja hugawanywa kwa desturi baina ya wenye nyumba, jamaa na maskini. Wahenga nao walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tofauti ya vasilopita ni kwamba fungu la maskini hukatwa kabla ya lile la mwenye nyumba, na hutajwa kwa sauti watoto wakisikia.

Lugha ya Mgao

Maneno ya mkataji ni machache sana. Kwa Kigiriki husema: tou Christou, tis Panagias, tou Ai-Vasili, tou spitiou, tou ftochou. Hataji neno "kipande" wala hatumii kitenzi. Kiswahili kinaweza kuyafuata hatua kwa hatua: cha Kristo, cha Bikira Maria, cha Mtakatifu Basili, cha nyumba, cha maskini. A-unganifu husimama peke yake, na msikilizaji hulielewa nomino lililodondoshwa kwa kuwa anakiona kipande kikikatwa.

Hata hivyo, sarufi za lugha hizi mbili zinatofautiana katika jambo moja. Katika Kigiriki, neno dogo linalotangulia jina hufuata jinsia ya mwenye mali: tou kwa jinsia ya kiume na isiyo ya kiume wala ya kike, tis kwa ya kike. Katika Kiswahili, a-unganifu hufuata ngeli ya kitu kinachomilikiwa, na mmiliki hana uwezo wa kuibadilisha. Kristo, nyanya, baharia na maskini wote hupata "cha" ileile. Hatudai kwamba wasemaji wa Kiswahili ni wakarimu zaidi kwa sababu ya sarufi yao. Dai kama hilo halina msingi. Tunachosema ni kwamba katika matini haya mahususi, upatanisho wa kisarufi unaifaa maana ya tendo: vipande ni vya namna moja, wenyewe ndio wanaotofautiana.

Jambo la pili ni nomino maskini. Katika Kigiriki, ftochou ni umoja. Katika Kiswahili, maskini haibadiliki umbo. Ni yeye au wao. Mtafsiri anayetaka umoja tu atalazimika kusema "mtu maskini". Tunaona ni heri kuuacha utata huo, kwa sababu anayebisha hodi huenda akawa mmoja au wengi.

Jambo la tatu ni uteuzi wa kipande au fungu. Kipande ni sehemu iliyokatwa. Fungu ni sehemu iliyotengwa kwa ajili ya mtu, kama katika "fungu la kumi". Kwa mdomo wa mkataji kipande kinatosha. Lakini mwandishi anayeieleza desturi anahitaji fungu, kwani ngano ya Kaisaria ilihusu kila mtu kurudishiwa kilicho haki yake. Anachopewa maskini hapa hakihesabiwi kuwa salio.

Pendekezo Kuhusu Resipe

Kutokana na uchunguzi huu, tunapendekeza mambo mawili kwa wanaofundisha na wanaotafsiri resipe.

Kwanza, pale ambapo chakula kina mgao wa kidesturi, kipengele cha "walaji" kipanuliwe kiwe "walaji na mafungu". Kwa familia ya mfano wetu tungeandika: walaji 5, mafungu 11. Mpishi asiyejua idadi ya mafungu hataweza hata kuchagua chombo cha kuokea kinachofaa.

Pili, hatua za mgao ziandikwe kama sehemu ya resipe, lakini kwa dhamira tofauti ya kitenzi. Hali ya kuamuru humlenga mpishi. Mkataji aghalabu si mpishi, na walaji nao wana wajibu wao. Kwa hiyo tutaandika hivi:

11. Mkuu wa nyumba achore msalaba juu ya keki kwa kisu, kisha aikate.
12. Ataje mwenye kila fungu kabla ya kukata linalofuata: la Kristo, la Bikira Maria, la Mtakatifu Basili, la nyumba, la maskini, kisha la kila mtu wa familia, aliyepo na asiyekuwepo.
13. Fungu la maskini lifunikwe na kuwekwa kando, mtu yeyote asilile, hadi lipate mwenyewe.

Badiliko la kutoka "koroga" hadi "asilile" linaonyesha kwamba resipe imetoka jikoni na kuingia katika jamii.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza keki ya Wagiriki inatuhusu nini. Wakristo Waorthodoksi nchini Kenya, ambao uhusiano wao na Upatriarki wa Alexandria ulianza kuthibitishwa mwaka 1946, nao humkumbuka Basili Mkuu tarehe 1 Januari, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za ibada zao. Desturi za sikukuu husafiri pamoja na watu, na zikifika kwetu zitahitaji maneno.

Sababu ya pili ni pana zaidi. Vyakula vingi vya jamii zetu vina mafungu yanayojulikana: kuna kinachopelekwa kwa wazee, kinachotengewa mgeni na kinachopelekwa kwa jirani. Tukiviandika kwa muundo wa resipe tuliopokea shuleni, viambato vitahifadhika na mafungu yatasahaulika. Kizazi kijacho kitajua gramu za unga, lakini hakitajua ni nani aliyestahili kula.

Maswali ya Kujadili

1. Teua chakula kimoja cha sherehe katika jamii yako. Andika resipe yake kwa kuonyesha walaji na mafungu.
2. Linganisha matumizi ya maneno kipande, fungu, sehemu na gawio katika muktadha wa chakula.
3. Jadili tofauti ya kimaana kati ya "kata keki" na "mkuu wa nyumba akate keki" katika matini ya maagizo.